Mavi na Mafi

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Terry kwa simu, Alhamisi iliyopita, akiwa amejifungia bafuni huko Riyadh, maji ameyafungulia ili madam asimsikie.

Terry amefanya kazi ya nyumba huko miaka miwili na miezi minne. Miwili ndiyo ya mkataba. Hiyo minne ni ya "ngoja kidogo." Pasipoti yake anayo baba wa nyumba, na ruhusa ya kutoka nchini hutolewa na huyo huyo baba, kwa simu yake. Maryann, binti wa Terry, analala nami hapa, na siku hizi mama ananiita mimi.

Baba akasema, "Tukitoka kashta utasafiri."

Kashta ni kwenda kulala jangwani kwenye hema wakati wa baridi. Hema na magodoro yao hukaa stoo kule Al-Sulay. Terry akapelekwa kuyakagua na Robinson, dereva wao, Mkenya mwenzake. Madam akapiga simu. "Terry, fi far?" Yaani, kuna panya?

Terry alikuwa ameshika mfuko wa blanketi, chini umejaa vitu vyeusi kama mchele ulioungua. Kiarabu chake cha jikoni kikamkimbia.

"Mavi, madam! Mavi!"

"Mafi? Halas. Pakieni, yalla." Simu ikakatika.

Mafi, kwao, ni hakuna.

Kufika jangwani, blanketi la mama mkwe wa madam lilipokunjuliwa, wakaanguka watoto sita wa panya, wekundu, hawana hata manyoya. Mama mkwe alipiga yowe ngamia wakageuka.

"Ulisema mafi!" madam akamwambia Terry. "Muongo. Nikiona panya mwingine, safari ni baridi ijayo."

Robinson akamvuta kando. "Dada, ulisema mafi, ama ulisema ile ya choo?"

"Ile ya choo."

"Basi umekwisha. Nikimweleza, atadhani tunamcheka." Na yeye mwenyewe akacheka, mdomo ameufunika kwa kofia.

Jioni hiyo Terry alinipigia akilia. Nikamwambia, panya hashindwi kwa mbio, ananyimwa njia. Unakumbuka mabati tuliyovisha miguu ya ghala? Akasema, nyanya, huku bati nitoe wapi? Nikamuuliza, maziwa hawanywi? Basi akatoboa mikebe ya maziwa, akaipitisha kwenye kamba huku na huku, blanketi zikaning'inia katikati. Panya akikanyaga mkebe, unazunguka, anaanguka. Na makombo, nikamwambia, ndiyo barua ya kumwalika.

Siku mbili panya hakuonekana. Lakini watoto wa watu utawazuia biskuti?

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, wote wakajinyoosha hemani. Baba alikuwa ameshika simu, atoe ile ruhusa. "Terry, nisomee namba ya ikama yako." Ikama ni kibali cha kukaa huko. Terry akaisoma kwa moyo, tarakimu zote, huku akiokota mfuko wa biskuti wa mtoto. Mfuko ukatikisika. Akaukaba mdomo kwa ngumi. Karibu na goti lake, juu ya zulia, punje nne nyeusi.

Madam alikuwa amelala kukingama mlangoni, jicho moja wazi. "Terry. Fi far?"

"Mavi, madam."

"Mafi," madam akaitikia, akajifunika shela usoni.

Hapo nikamkatiza. "Mjukuu wangu, ulidanganya?"

"Nyanya, nilisema nilichokiona."

Baba akabonyeza, akabonyeza tena, akaguna. "Mtandao mbovu. Bukra." Kesho, hiyo, na mpaka Alhamisi ilikuwa haijafika. Akaisukuma simu chini ya mto, akaanza kukoroma. Watoto wakafuata, na mama mkwe. Nje, Robinson alishalala kitambo kwenye kivuli cha gari.

Terry hakuweza kutoka. Njia ilikuwa moja tu, na madam yuko juu yake. Akiachia mfuko, ni baridi ijayo. Akakaa hapo, panya akimkwaruza vidole kupitia nailoni, akihesabu pumzi za madam mpaka zikawa ndefu. Alitaka kuinuka amruke. Lakini alikuwa na siku tatu hajalala vizuri. Kichwa kikainamia magoti, na ngumi ikiwa bado imekaza, naye akalala.