Hotpoti ya Mziwanda

Mtaani kote alijulikana kama Mzee Bucha, na jina hilo alilitolea jasho. Utu uzima wake wote aliumalizia nyuma ya gogo la kukatia nyama, akipima, akikata, akitaniana na wateja, mpaka magoti yalipomwambia basi na duka akamwachia mtoto wake mkubwa. Alistaafu yeye, mikono ikakataa. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alitoa visu vyake vya zamani kwenye kabati la jikoni, akavinoa ingawa havikuwa na cha kukata, kisha akachovya kitambaa kwenye kopo la mafuta ya ng'ombe na kuvipaka kimoja kimoja, chuma na mpini. Mafuta hayo huzuia chuma kisishike kutu na mti usipasuke. Mkewe alishachoka kumuuliza ni kwa faida ya nani.

Jumapili hii mzee aliamka na jambo moja tu kichwani: bintiye ale chakula alichokipika yeye.

Utasema ni jambo gani hilo, mtoto kula kwa baba yake? Kwa Mzee Bucha lilikuwa jambo. Huyu binti, mtoto wa mwisho ambaye nyumba nzima ilimwita Mziwanda, alikuwa akipima macho ya watu kwenye duka la miwani mjini. Miaka kadhaa nyuma aliacha kula nyama, kisha akaacha na samaki, mayai na maziwa, hata asali akaiweka kando. Hakumhubiria mtu. Alisema tu, "Baba, sina ugomvi na kazi yako. Ni mimi siwezi." Mzee akavimba. Akamkumbusha kwamba nyama hiyo hiyo ndiyo iliyomsomesha, akalirudia neno hilo kila alipopata nafasi, kama vile mtoto alikuwa amelisahau.

Kisha ikaja ile siku ya maharage. Mzee alimwona mtoto amekonda, moyo ukamuuma, naye badala ya kusema moyo unaniuma akachota upawa wa mchuzi wa mifupa na kuumimina kwenye sufuria ya maharage kwa siri. Mziwanda akala, akasifu. Hapo mzee angenyamaza, lakini ni nani aliyewahi kumnyamazisha muuza nyama? Akacheka. "Unaona? Kumbe umekunywa mchuzi wa mifupa na hujafa. Ni kidogo tu."

Binti aliweka kijiko chini taratibu, akanawa mikono, akachukua mkoba wake na kuaga. Jumapili iliyofuata alirudi, maana alilelewa vizuri, ila alirudi na hotpoti. Kihotpoti cha buluu chenye mfuniko uliomeguka pembeni. Akakaa mezani kwa baba yake, akakifungua, akala chakula alichotoka nacho kwake. Tangu hapo ikawa hivyo kila Jumapili. Hakuwahi kusema neno baya wala kumkumbusha baba yake maharage. Alikuwa mchangamfu, alileta habari za wateja wanaochagua miwani mikubwa kuliko nyuso zao, anacheka, anakula cha kwake, anaondoka. Mzee angeambiwa achague, angependelea kutukanwa.

Ndiyo maana katikati ya wiki alimpigia simu.

"Jumapili usibebe kitu. Nitapika mimi."

"Utapika nini, baba?"

"Supu ya boga. Haina hata unyoya."

"Haya baba. Tutaonana Jumapili," akasema Mziwanda, bila kusema ndiyo wala hapana.

Mzee akaenda sokoni na kurudi na vitu vipya vitupu: sufuria, kisu, kibao cha kukatia, wavu wa kuweka juu ya makaa, na mwiko wa mti mweupe uliokuwa bado unanukia randa. Hakutaka boga la mwanawe liguse chombo kilichowahi kuonja nyama, na katika nyumba ile chombo cha namna hiyo kilikuwa adimu. Mkewe, mama wa nyumba, alisimama mlangoni akamtazama anavyovipanga.

"Mzee mwenzangu, unaoa tena?"

"Napika."

"Mimi uliponioa hukuninunulia hata kijiko."

"Wewe ulikuwa unakula kila kitu," akasema mzee, akaendelea kupanga.

Sasa, kuhusu moshi hakuna wa kumfundisha Mzee Bucha kitu. Alikausha nyama kwa moshi kabla friji haijaingia dukani, na alijua mkaa ukiwaka sana unaunguza, ukipoa sana unachafua. Jumapili asubuhi aliwasha jiko uani, akangoja mpaka makaa yakavaa majivu. Boga lilikuwa kubwa, akalipasua katikati, nusu akaiacha jikoni na nusu akaikata mapande na kuyalaza kwenye wavu, ganda chini. Pembeni akaweka vitunguu viwili na kichwa kizima cha kitunguu saumu, bila kumenya. Kisha akafanya lile alilolifikiria wiki nzima: alitoa maganda ya machungwa aliyoyakausha dirishani, akayatupa juu ya makaa na kufunika kila kitu kwa beseni. Moshi ukatokea pembeni mwembamba, una harufu ya chungwa na mkaa kwa pamoja. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza leo kuna nini. Akaambiwa kuna boga, akaondoka haamini.

Nyama ya boga ilipolainika hadi inaachia ganda yenyewe, mzee akaikwangua, akaiponda na vitunguu vilivyoungua nje na kuwa vitamu ndani. Akaitia kwenye sufuria mpya na bizari kidogo, pilipili manga na tui la nazi, akakoroga kwa mwiko wake mpya bila kuondoka, kama muuguzi wa zamu. Maji ya machungwa aliyatia mwisho, moto umeshazimwa, yasije yakachachuka, na juu yake akakamulia ndimu.

Akaonja. Akavuta kigoda akakaa. Kwanza ulikuja utamu wa boga, moshi ukafuata taratibu, halafu chungwa likausafisha mdomo wote, na ulimi ukataka kijiko kingine.

Mkewe naye akaonja. "Na ulikuwa unajua kupika hivi," akasema, "miaka yote hii umekaa unasubiri kupakuliwa."

Mzee alifurahi. Alifurahi kweli kweli, furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Akainuka kwenda kuosha mwiko, na mkono wake ndio uliojua kwanza. Mpini uliteleza.

Akausogeza dirishani. Mwiko alioununua mweupe na mkavu ulikuwa sasa wa manjano, unang'aa toka juu hadi chini. Alijiona asubuhi ile, kabla ya chai, amekaa na kitambaa chake na kopo lake, mawazo yote yako kwenye boga, anapaka kisu, anaweka, anapaka kisu, anaweka, anaupaka mwiko mpya ili usipasuke, anaweka. Mikono ilifanya kazi yake. Haikumuuliza.

"Nini tena?" mkewe akauliza.

Akamwonyesha. Mama akaushika, akaunusa, akaelewa. Akaenda kuufunga mlango wa jikoni ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia.

"Kuna tone gani hapo?" akasema kwa sauti ya chini. "Moto umeshalimaliza. Hata wewe hukulisikia, na wewe ni bucha. Mtoto yuko njiani. Mwache ale, baba watoto. Umengojea siku hii muda gani? Ni kidogo tu."

Mzee akamtazama mkewe. Mwanamke yule alikuwa anamhurumia, na kila neno alilosema lilikuwa na maana. Supu ilikuwa tayari, tamu, imetulia. Mziwanda angekula, angesifu, na Jumapili ijayo angekula tena. Lakini hayo maneno matatu ya mwisho mzee aliyafahamu. Yalikuwa yake.

"Tukimficha leo," akasema, "hata akinywa sufuria nzima atakuwa hajala kwangu."

Mama akamrudishia mwiko. Akafungua mlango.

Mziwanda aliingia muda si mrefu, amevaa miwani yake ya mviringo, akamwamkia mama, akamwamkia baba. Begani mkoba, na ndani ya mkoba, mzee aliuona mara moja, ule mfuniko wa buluu. Kumbe amekuja na chakula chake. Halafu akajiambia afadhali, angalau mtoto hatalala na njaa.

"Baba, hii harufu ni ya hapa? Nimeisikia tangu kule kona."

"Ni ya hapa. Kaa, mwanangu." Alibaki amesimama, mwiko mkononi. "Supu nimepika. Ni nzuri, sitakudanganya. Lakini usiinywe. Huu mwiko nimeupaka mafuta ya ng'ombe asubuhi, nilikuwa napaka visu vyangu. Sikukusudia. Safari ile ya maharage nilikusudia, na leo sikukusudia, lakini yote ni mafuta yangu. Nisamehe ya leo, na ile pia nisamehe, maana sikuwahi kukuomba."

Mziwanda alisogeza miwani yake puani. Alimtazama baba yake kama anavyowatazama wateja wanaodai wanaziona herufi za chini kabisa.

"Wewe kula chakula chako," mzee akaendelea haraka, akionyesha mkoba. "Vizuri umekuja nacho. Ulifanya la maana."

Binti akaitoa hotpoti, akaiweka mezani na kuifungua. Ndani mlikuwa na kijiko kimoja na hewa.

"Uliniambia nisibebe kitu," akasema Mziwanda. "Nilibeba chombo tu, nije niondoke na supu ya kula kesho kazini."

Mzee Bucha alikaa chini. Miaka yote akikata mifupa hakuwahi kuhisi kitu kikimpita hivyo. Mtoto alikuwa amemwamini toka nyumbani kwake, akaifuata ahadi ya mzee akiwa na tumbo tupu, na yeye hapa na kopo lake la mafuta.

"Basi una njaa," akasema, kwa kuwa ndilo neno lililokuja.

"Sana." Binti alikuwa ameshavua mkoba na kukunja mikono ya blauzi. "Ile nusu ya boga pale ina mwenyewe?"

Wakaanza upya. Tui lilikuwa limekwisha, chungwa limebaki moja, na makaa uani yalikuwa yanakata roho. Sufuria mpya ilishaguswa, hivyo mama akatoa ile ya kuchemshia maji ya kunywa, akaapa kwamba tangu izaliwe haijaona kitu kingine. Mzee akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, mara mbili, binti akimtania kwamba anajiandaa kupasua mgonjwa. Wavu waliusugua, makaa wakayapepea kwa mfuniko wa katoni, wakakosa subira, boga likatoka limeungua upande na limekaza upande. Mwiko mwingine usiowahi kugusa nyama haukuwepo. Mziwanda akakoroga kwa kijiko chake cha kwenye hotpoti, kifupi, mvuke ukimuunguza vidole, anaruka mguu huu na mguu ule.

"Nipe mimi," mzee akasema, "vidole vyangu vimeshakufa zamani."

Akampa. Alimkabidhi kijiko chake mwenyewe, kile alichokula nacho Jumapili zote zile, na mzee akakoroga.

Kusema kweli supu hiyo haikuifikia ya kwanza. Ilikuwa nzito hapa na nyepesi pale, ndimu ilizidi, na moshi wake ulikuwa umekaribia ujirani na masizi. Ile nzuri aliinywa mama, bakuli la pili bila haya, na nyingine akampelekea jirani aliyekuwa haamini. Mziwanda alikula ile mbaya. Baba yake alikaa mbele yake, bakuli lake limepoa, asijali, akatazama tu jinsi kijiko kinavyokwenda na kurudi.

"Imeungua kidogo," mzee akasema.

"Imeungua sana, baba," akajibu binti, akamsogezea bakuli. "Niongeze."

Jioni ilipokaribia Mziwanda aliosha vyombo, akaaga, akaondoka. Mzee alikuwa anafuta meza alipoiona hotpoti, imeoshwa, imepinduliwa juu ya kitambaa kando ya sinki. Akaikamata na kutoka nayo kwa magoti yake mabovu, akamwahi binti karibu na kona, anahema.

"Umesahau chombo chako."

Mziwanda akageuka. Aliitazama hotpoti, akamtazama baba yake. "Sijasahau," akasema. "Nimeiacha. Ya nini kuibeba kila wiki?" Akamshika mzee mkono, ule wenye chombo, akaubana kidogo, akaenda zake.

Mzee alirudi polepole. Mkewe alimkuta amefungua kabati la jikoni, anatoa visu vyake vya zamani, mawe ya kunolea, kitambaa na kopo la mafuta, anavipeleka kwenye stoo ya uani kwa mafungu. Akamuuliza ni kitu gani hicho anafanya jua linazama.

"Wapangaji hawa wanahama," akasema mzee. Akaifuta rafu ya kabati iliyobaki tupu kwa maji ya moto na sabuni, akaisugua tena, akaiacha ikauke vizuri, kisha akaweka hapo hotpoti ya buluu.