Mshipa Uliombana Sada

Kwa mara ya tatu tangu mfungo uishe, Zuwena alilipunguza gauni la bintiye kwa cherehani yake pale Kinjumbi, na bado lilimpwaya. Sada alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa ya matumbo ilimlaza mwezi mzima. Homa ikaondoka, chakula kikagoma kukaa. Kila alichomeza kilirudi na nyongo ya kijani, tumbo likimkata.

Majirani hawakukosa la kusema. Mara ana mimba, mara anajinyima apate umbo. Akapimwa mimba, hakuna. Akapewa dawa za vidonda vya tumbo, wapi! Issa, mjomba wake, akasema ni jini.

"Dada, huoni? Akimaliza kula tu anaanguka kifudifudi. Yule si yeye."

Siku Sada aliposhindwa kusimama, Zuwena alimpeleka hospitali Lindi, Issa akifuata kwa shingo upande. Mizani ilisema kilo thelathini na moja. Daktari Modesti alisoma vyeti vyote, kisha akaviweka kando.

"Mama, akipata nafuu anakuwa amekaaje?"

Zuwena aliona haya. "Anapiga magoti, kifua chini, kama aliyesujudu. Hapo maumivu yanalegea."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza."

Walimnywesha dawa nyeupe, wakampiga picha. Pichani dawa ilishuka vizuri, kisha ikakatika ghafla mwanzoni mwa utumbo. Kesho yake wakampeleka Mtwara kwa kipimo kikubwa, wakamrudisha Lindi, na Modesti akaja na jibu.

"Utumbo unapita katikati ya mishipa miwili mikubwa ya damu. Mafuta ndiyo huitenganisha. Homa imeyamaliza, sasa mishipa inaubana. Ni ugonjwa adimu, mama. Niliusoma tu, sijawahi kuuona."

"Basi mpasueni!"

"Alivyo hivi anaweza asiamke. Lazima anenepe kwanza."

"Atanenepaje naye hali?"

"Tutapitisha mrija puani, uvuke pale panapobana. Chakula kitapita humo, kidogo kidogo. Tukiharakisha, mwili uliokaa na njaa hushtuka, na moyo unaweza kusimama."

Issa akamvuta dada yake pembeni. "Wanamfanyia mtoto majaribio. Twende nyumbani."

Zuwena alimtazama Sada, mashavu yamebonyea, midomo imepasuka. Akatia sahihi ya kukubali mrija.

Mrija ulikwama mara ya kwanza. Mara ya pili Sada alitapika na kuung'oa. Mara ya tatu wakauongoza kwa kamera, ukavuka. Siku ya pili ya kulishwa, mapigo ya moyo yakaanza kwenda ovyo. Wauguzi wakaja mbio, chakula kikasimamishwa, dripu ikabadilishwa. Zuwena alibaki ameshika unyayo wa mwanawe, maana mikono yote ilikuwa na sindano. Issa hakutamka jini. Alikuwa ukutani, anasoma Yasini bila sauti.

Jioni mapigo yakatulia. Wakaanza upya, tone kwa tone.

Wiki ya tano mizani ilisoma thelathini na saba. Modesti alitoa mrija, akaagiza uji mwepesi, kisha Sada alalie ubavu wa kushoto. Saa nzima Zuwena hakuyaondoa macho kwenye koo la bintiye. Hakuna kilichorudi.

"Chakula kikikwama tena tutampasua," daktari alisema, "ila sasa mwili wake utahimili."

Sada aligeuza shingo. "Mjomba, nataka changu wa kukaanga."

"Uji kwanza, binti," Modesti akamjibu.

Issa alikuwa ameshasimama kutafuta samaki.