Alama ya Wanja

Asubuhi ya mbio, hewa atakayovuta rubani hukaguliwa na fundi wa mpinzani wake. Ndivyo sheria ilivyotaka, tangu mwaka ule marubani wawili walipokufa na kila timu ikainyooshea nyingine kidole. Waliotunga sheria walifikiri hivi: mpe adui yako ufunguo wa nyumba mbele ya shahidi, atie na sahihi, uone kama atathubutu kuiba. Kwa hiyo fundi wa Kobe alikwenda kukagua chombo cha Kiberiti, na fundi wa Kiberiti akaja kukagua cha Kobe, na walipopishana katikati ya uwanja kila mmoja alimtazama mwenzake mikono kwanza, uso baadaye.

Fundi wa Kobe alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mabanda yote yalimwita Fundi, basi, utadhani hakuna mwingine. Alikuwa na mtoto wa miezi minane aliyemwacha kwa mama mkwe wake, cheti kimoja cha masomo ya jioni, na kaka mmoja ambaye watu walimpa jina la Kobe kwa sababu tangu utotoni hajawahi kutembea mahali pa kukimbilia. Kiberiti naye aliitwa hivyo kwa hasira zake. Mbio zenyewe zilikuwa za kuuzunguka mwezi na kurudi, vyombo sita, lakini uwanja mzima ulikuwa ukizungumzia viwili tu.

Na wakizungumzia hivyo viwili, walizungumzia Changarawe. Huo ni ukanda wa mawe yanayoelea upande wa pili wa mwezi. Ukipita ndani yake unaokoa dakika arobaini. Ukiuzunguka kwa nje unarudi nyumbani. Msimu uliopita rubani mmoja alipita ndani, na kilichorudi ni sauti yake kwenye redio, nayo ikakatika katikati ya neno. Kobe na Kiberiti walikuwa wakipita ndani kila mwaka.

Fundi aliingia kwenye chombo cha Kiberiti na kopo lake la sabuni na brashi. Mkaguzi mkuu alikaa mlangoni juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe cha chai mkononi. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: kila kiungo cha bomba la hewa unakipaka povu, unasubiri. Hewa ikivuja, kiputo kinavimba. Fundi alitumia sabuni ya mtoto kwa sababu povu lake ni laini, na kwa sababu siku hizi hakuna sabuni nyingine nyumbani kwake. Orodha ilikuwa na viungo kumi na viwili. Vyote vilikuwa salama.

Cha kumi na tatu hakikuwa kwenye orodha. Kilikuwa nyuma ya kiti cha rubani, nati ndogo ya bomba la akiba, mahali pa kuingiza mkono mmoja na tochi. Mwalimu wao wa jioni alizoea kusema kwamba orodha imeandikwa na mtu, na mtu huchoka. Fundi akaingiza tochi.

Nati ilikuwa na ukoko mweupe. Sabuni iliyokauka. Naye hakuwa ameigusa.

Alisogeza pua. Ilikuwa harufu anayolala nayo na kuamka nayo: sabuni ya mtoto.

Akapaka povu juu yake. Kiputo kikavimba, kikapasuka. Kikaja kingine. Alihesabu kwa pumzi zake mwenyewe, kama alivyofundishwa: kiputo kimoja kwa pumzi tatu. Akahesabu tena, vilevile. Nati iliyosahauliwa huvuja ovyo. Hii ilikuwa imelegezwa na mtu aliyetulia, akapaka sabuni, akapima, akaridhika.

Mlangoni, juu ya kichwa cha mkaguzi, ilining'inia kengele. Ukigundua hitilafu kabla ya kutia sahihi, unaigonga. Chombo kinatolewa mashindanoni, banda linafungwa, watu wanaanza kuhojiwa. Na wangeanza na nani, kama si yule ambaye Kiberiti akitoka, njia yake inakuwa nyeupe?

Jana jioni Kobe alitoweka baada ya kula. Aliporudi, mikono ya shati lake ilikuwa imelowa na inanukia sabuni ya mtoto. Alipoulizwa, alijibu kwa ukali kidogo, kwani kunawa siku hizi ni kosa? Na leo alfajiri Fundi alilikuta kopo lake liko wazi. Alidhani ni uzembe wake mwenyewe.

Alimwambia mkaguzi kwamba anahitaji robo saa akakamue maziwa. Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na habari za maziwa, alimwonyesha njia kwa kikombe.

Kobe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chombo chake, suti imefungwa mpaka kifuani, akitafuna kifuniko cha kalamu. Dada mtu alisimama mbele yake akamuuliza jana jioni alikuwa wapi.

"Umenitazama kama mwizi wa kuku tangu asubuhi," Kobe alisema. "Nilikuwa natembea."

"Ukatembea mpaka ukalowa mikono?"

Kobe akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Nilikuwa natapika, mdogo wangu. Nyuma ya matangi ya maji. Nikachukua sabuni ya mwanao nikafua shati. Mwaka jana pia nilitapika. Na mwaka juzi."

"Sasa si uzunguke kwa nje?"

"Kiberiti apite ndani, mimi nizunguke? Nitachekwa mpaka na wajukuu zako."

Fundi alitaka kumwamini. Lakini kutaka ni jambo moja, na lile kopo lililoachwa wazi lilikuwa jambo jingine. Akamtegea. Akamuuliza, kiputo kimoja kwa pumzi tatu, hiyo ni nini?

Kobe akamkazia macho. "Kitendawili? Saa hizi?"

Basi, akajua. Mtu huyu hajui hata kubadilisha mpira wa bomba la jikoni kwake. Mkewe ndiye humwita Fundi aje kuubadilisha. Na Fundi, akirudi zake upesi kwenye banda la Kiberiti, alianza kujiuliza swali alilopaswa kuanza nalo. Ni nani duniani anayepima mvujo kwa pumzi badala ya saa? Darasa lao la jioni tu. Na walifanya hivyo kwa sababu ya aibu tupu: saa ya ukutani ilikuwa imekufa na hakuna aliyeinunulia betri.

Akaingiza tochi tena nyuma ya kiti, akafuta povu kwa kidole. Kuna mstari mweusi aliouona mwanzo akadhani ni grisi. Ulikatiza kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba, mwembamba, ulionyooka, ila sasa ulikuwa vipande viwili vilivyoachana upana wa ukucha. Mtu alikuwa ameweka alama kabla ya kulegeza, ili siku ya kurudisha airudishe palepale. Na alama yenyewe ilikuwa ya wanja. Darasani walikuwa wanawake wanane na kalamu moja ya kuandikia chuma, ambayo ilikwisha wiki ya pili. Tangu hapo kila mmoja alichomoa wanja wake mkobani.

Aliyeketi naye dawati moja alikuwa mke wa Kiberiti. Waume na kaka zao walikuwa hawasalimiani. Wao walikuwa wakigawana karanga chini ya meza. Mwenzake aliacha masomo tumbo lilipokuwa kubwa. Na wiki tatu zilizopita, kliniki, mtoto wake alipotoka vipele, ni Fundi aliyemkatia nusu ya kipande chake cha sabuni.

Alimkuta kwenye chumba cha kunyonyeshea, peke yake, mtoto kifuani. Macho yake hayakuwa na wanja leo. Alipomwona Fundi na lile kopo, alimfunika mtoto kichwa, utadhani kuna upepo.

"Nionyeshe wanja wako," Fundi alisema.

"Uko mkobani. Chukua mwenyewe."

Hakuuchukua. Alikaa kando yake. Yule mwenzake akaanza kusema kwa sauti ya chini, macho kwa mtoto. Jana alipompelekea mumewe chakula bandani, wanaume walitoka kwenda kupima mizani ya mafuta. Dakika kumi zilimtosha. Aliilegeza, akapima, akailegeza tena kidogo. Hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka king'ora cha hewa kilie mapema, kabla ya Changarawe, ili mumewe ageuze chombo arudi nyumbani akiwa amekasirika. Akikasirika angalau anakula, anagombana, yupo.

"Nilihesabu vizuri," alisema. "Pumzi tatu. Ana hewa ya kurudi na ya kubaki."

"Ulihesabia wapi?"

"Si hukohuko bandani."

"Kwenye joto la banda." Fundi alinyanyuka, akafungua friji ndogo ya kuwekea maziwa. Kwenye barafu kulikuwa na chupa tupu ya mtu, imesahauliwa na pete yake ya mpira. Aliitoa ile pete na kumwekea kiganjani. Ilikuwa ngumu kama sarafu. Akaivalisha kwenye chupa ya maji, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote, akaipindua. Maji yakaanza kudondoka kwenye sakafu: to, to, to, halafu yakawa uzi.

"Ile nati ina pete kama hii ndani. Mpira ukipata baridi unanywea," alisema taratibu. "Na huko juu ni baridi kuliko hili friji mara mia. Pumzi tatu zako zinakuwa nusu pumzi. King'ora kingelia akiwa katikati ya mawe, na asingekuwa na hewa ya kugeuza."

Mke wa Kiberiti alitazama yale maji yakitambaa kuelekea viatu vyake. "Hatukufundishwa hivyo."

"Tulifundishwa. Somo la tisa. Wewe ulikuwa umejifungua siku mbili kabla."

Hakulia, alimkumbatia mtoto kwa nguvu hadi mtoto mwenyewe akalalamika. Alipoweza kusema, alimsihi Fundi akaikaze ile nati, atie sahihi, wayamalize hapohapo. Nani angejua? Fundi alimwambia kweli, hakuna ambaye angejua. Na mumewe angepita ndani ya Changarawe na nati nzima, na mwakani vilevile, na yeye mkewe angekuwa anatafuta bomba jingine. "Sitii sahihi mpaka umwambie," alisema. "Kama ulivyoniambia mimi."

Waliporudi pamoja kwenye banda la Kiberiti, mwenyewe hakuwapa nafasi ya kusema. Alipowaona wawili hao pamoja, alisema alijua tu, Kobe amemtuma dada yake amharibie, na mkewe amerubuniwa kwa maneno ya kike. Alikuwa tayari amenyoosha mkono kwenye kamba ya kengele, hasira zikimsahaulisha kwamba kitakachotolewa ni chombo chake mwenyewe, na mkaguzi ameweka kikombe chini.

"Ni mimi niliyelegeza nati nyuma ya kiti chako, ili king'ora kilie urudi kabla ya Changarawe," mkewe alisema kwa kunong'ona. Akafungua mkoba, akaushika wanja mbele ya uso wa mumewe.

Kiberiti alicheka kwanza. Kisha akamtazama Fundi, akitafuta hila, na hakuiona. Mkono ukashuka kutoka kwenye kamba. Mkaguzi aliuliza kama kuna tatizo, na Kiberiti akajibu, kwa sauti ambayo haikufanana naye, kwamba ni mambo ya nyumbani. Mkaguzi akaokota kikombe chake. Mambo ya nyumbani hayakuwa kwenye fomu.

Kiberiti alimuuliza Fundi neno moja tu, king'ora kingelia wapi. Fundi akamwambia. Kiberiti akaingia ndani, na wakamsikia akikaza nati mwenyewe. Fundi alipokuja kupima, ile mistari miwili ya wanja ilikuwa imekutana ikawa mmoja. Alihesabu pumzi thelathini. Hakikutoka hata kiputo. Alitia sahihi.

Mkewe alimuuliza kama atazunguka kwa nje. Kiberiti alimshika mtoto kisogo kwa glovu yake kubwa, akapanda.

Kwenye ubao wa uwanjani kila chombo kilikuwa taa ndogo. Wanawake wawili walisimama chini yake, na watu waliowajua wakawa wanapigana viwiko: tangu lini hawa? Taa nyekundu ya Kiberiti iliongoza, ya Kobe nyuma yake kama mtu na kivuli chake. Ikafika mdomoni mwa Changarawe. Ikasimama pale, au ilionekana kusimama. Mke wa Kiberiti alikuwa ameushika mkono wa Fundi kwenye kifundo, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Fundi naye alikuwa hatazami nyekundu peke yake. Yule aliyetapika nyuma ya matangi alikuwa akimtazama Kiberiti afanye nini ili naye afanye hivyohivyo, miaka yote hii, na Kiberiti akimtazama yeye.

Taa nyekundu ikapinda nje. Uwanja ukazomea. Ikapita pumzi moja, ya pili, ya tatu, Fundi akizihesabu bila kutaka. Ya Kobe nayo ikapinda.

Mshindi alikuwa chombo cha manjano ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja, kilichorushwa na mama mmoja mstaafu wa ualimu aliyekuwa akizunguka kwa nje kila mwaka na safari hii alikuwa amejifunza kuzunguka upesi. Kobe wa pili. Kiberiti wa tatu, na kwa hasira alizoshuka nazo, mkewe alijua kwamba leo atakula.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Taa zilipokuwa bado ziko mbali, mtoto amelala, Fundi alitoa daftari lake la jioni kwenye mfuko wa ovaroli, lina madoa ya maziwa kila kona. Akaketi benchini, akamsogezea mwenzake nafasi.

"Somo la tisa," alisema. "Una kalamu?"

Hakuwa nayo. Akaanza kunakili kwa wanja.