Firigisi Vipande Vinne

Binti yangu Mitchel alikuwa ameanguka mtihani wa sosholojia mara moja, na Jumatatu angeurudia. Akianguka tena, angerudia mwaka mzima. Kwa hiyo Jumamosi hiyo sikumwacha ajifungie chumbani na daftari. Nilimwita jikoni, nikampa kisu na kuku aliyekwisha kunyonyolewa.

"Katakata huku ukinieleza. Nikielewa mimi, mwalimu wako ataelewa."

Akaanza kukariri. "Uamilifu ni mtazamo unaoiona jamii kama mfumo wenye sehemu zinazotegemeana..."

"Hapo umesoma tu. Eleza kwa kuku."

Akamgeuza kuku. "Sawa. Kila kipande kina mwenyewe. Firigisi ni ya mwanamume mkubwa kuliko wote mezani, shingo na mabawa ni ya watoto. Kila mtu anajua chake, hakuna kugombana. Desturi inaleta utulivu. Huo ndio uamilifu."

"Na nadharia ya pili?"

"Ya mgogoro. Hiyo inauliza ni nani alipanga hivyo. Ukichunguza, aliyepanga ni yule anayekula firigisi."

Nilicheka mpaka nikaweka mwiko chini. Kuku huyo nilimlisha mimi, na katika miaka ishirini na mbili ya ndoa sijawahi kuonja firigisi. Nina diploma ya kilimo, lakini nadharia hiyo ningeielewa hata bila cheti cha darasa la nane.

"Haya, ya tatu."

Hapo akakwama. "Maingiliano ya ishara. Eti watu ndio huvipa vitu maana, vyenyewe havina. Ndiyo iliyoniangusha, Mama. Mimi naona kuku ni kuku."

Mvua ilikuwa inakuja, nikatoka kuanua nguo. Niliporudi, nyama ilikuwa tayari kwenye sufuria na Mitchel ametulia mno. Sikuuliza. Hilo lilikuwa kosa langu.

Saa saba shemeji Erastus, kaka mkubwa wa mume wangu, akafika hapa Shieywe kutoka Matete. Ni mtu wa maombi marefu. Alibariki chakula, mahindi yake na serikali, ugali ukaanza kupoa. Mitchel akapakua. Erastus akageuza nyama kwenye sahani yake, akageuza tena.

"Mama Mitchel, huyu kuku alizaliwa bila imondo?" Imondo ndiyo firigisi kwetu.

Nikamtazama Mitchel.

"Iko, baba mkubwa. Hicho kipande kidogo hapo ukingoni. Nimeikata vinne, kila mtu apate."

Mume wangu, Wangila, akaacha kutafuna. Alikuwa amekwisha kumeza chake bila kujua.

"Umekata imondo?" Erastus akauliza.

"Ni ile ile, baba mkubwa. Hata ladha haijabadilika."

"Si ile ile. Ikiwa nzima, inaniambia mimi ni nani katika nyumba hii. Ukiikata, ni nyama ngumu tu ya kusumbua meno."

Mitchel akabaki na tonge mkononi. "Hebu rudia."

"Nirudie nini? Wewe unafikiri ukubwa uko ndani ya nyama? Nyama ni nyama. Ni sisi tuliokubaliana kwamba hii ni ya mkubwa, na tunakubaliana upya kila ikipakuliwa. Wewe umeikata kama kitunguu."

Msichana aliinuka, akachukua daftari na kuandika kwa vidole vyenye mchuzi.

"Anaandika nini huyu?"

"Unayosema, shemeji," nikamjibu. "Hiyo ndiyo nadharia iliyomwangusha mtihani."

Erastus akakaa wima. Hasira ilimtoka haraka kuliko nilivyotarajia. "Kumbe kuna nadharia. Ziko ngapi?"

"Tatu kubwa, baba mkubwa."

"Nieleze zote. Na hilo daftari lifunge, nataka kukusikia wewe."

Mitchel akalifunga. Ya kwanza Erastus aliisifu. Akasema imeandikwa na watu wenye adabu. Ya pili ilipofika, akasema walioiandika hawakulelewa vizuri. Mitchel hakurudi nyuma. Akamuuliza ni nani aliyemlisha kuku, ni nani aliyempika, na ni lini mara ya mwisho mmoja wao alionja imondo. Wangila alijishughulisha sana na mboga.

"Hilo swali ni la mtihani?" Erastus akauliza.

"Linaweza kutoka."

"Likitoka, jibu. Lakini jina langu usiliandike."

Walibishana mpaka chai ikaisha, na daftari halikufunguliwa tena. Niliosha vyombo vyote peke yangu bila kumwita. Jumatatu ilikuwa imeacha kunitisha.