Ukoo wa Ovayo

Watu wakisikia watoto wa kulelewa wametoroka, swali lao ni lile lile: mlikuwa mnapigwa? Mlikuwa mnalala njaa? Hapana bwana. Kwa Mama Nokwanda, pale Mdantsane, tulikula tukashiba, na kelele zake zilikuwa za mama yeyote aliyeletewa wasichana wawili wakubwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Tulitoroka kwa sababu ya Ovayo.

Ovayo ni mdogo wake Sinazo, rafiki yangu niliyelala naye chumba kimoja. Mama yao alipofariki, ofisi iliwagawa kama vifaranga sokoni: mkubwa huku, mdogo, wa miaka mitatu tu, kusikojulikana. Kila Sinazo alipouliza, aliambiwa subiri. Miaka ikapita. Basi siku moja muuza maandazi wa pale shuleni, aliyewahi kuwa jirani ya mama yao, akasema amemwona mtoto huyo mjini Cala, kwenye nyumba iliyo nyuma ya zahanati. Sinazo hakumaliza hata andazi lake. Akasema anamfuata, na wataishi wote wawili hata kwenye kibanda cha mabati. Nikamwita kichaa, kisha nikaenda kuvaa viatu.

Lori la kabichi likatubeba. Njia nzima Sinazo alilirudia jina la ukoo wao, MaRadebe. Kwetu hilo ndilo jina mama analokuita ukiugua, ukilia, ukimfurahisha. Hata ukiolewa unabaki nalo. Ovayo alikuwa mtoto wa kulialia, na mama yao alimbembeleza kwa jina hilo.

"Akilisikia tu, atanijua," Sinazo aliniambia.

Tulimkuta uani anaanua nguo pamoja na mama mmoja mnene, Mama Nozuko, aliyekuwa akimlea. Mtoto amenawiri, mashavu haya hapa. Sinazo akapiga magoti mavumbini, akafungua mikono.

"MaRadebe. Njoo kwa dada."

Ovayo akageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Sinazo akaita tena, akamsogelea, akamshika. Hapo mtoto akaangua kilio, akajitupa kwenye sketi ya yule mama. Mama Nozuko akambeba, akampigapiga mgongoni.

"Nyamaza, MaGcina wangu. Nyamaza."

Na mtoto akanyamaza.

Damu ilinichemka. Ukoo wa mtu ni wa kuchezewa kweli? Nikamwambia yule mama, bila adabu hata kidogo, kwamba huyo si MaGcina na hatakuwa MaGcina mpaka anazikwa. Hakunigombeza. Alimtazama Sinazo usoni, akaelewa ni nani, maana sura zao ni moja. Akakalia ndoo iliyopinduliwa, mtoto mapajani.

"Mwanangu, waliniletea mtoto ana homa, na jina moja tu," alisema. "Nikauliza ukoo wake, hakuna aliyejua. Analia. Ningemwitaje? Nikampa wangu."

Sinazo alifungua mdomo amtukane, nilimwona. Akashindwa. Ovayo alikuwa anafuta kamasi shingoni mwa yule mama, ameshatulia kabisa, na nadhani hapo ndipo kibanda cha mabati kilipomtoka Sinazo kichwani. Moyo uliniuma, jamani. Akaketi chini, akaanza kumfundisha Mama Nozuko sifa za ukoo wao, yale majina ya mababu: Radebe, Bhungane, Mthimkhulu. Yule mama akakosea, akarudia, machozi yanamtiririka, mpaka zikamkaa.

"Akiugua, mwite hivyo," Sinazo akasema. "Na umfundishe mwenyewe azijue. Mimi sitakuwepo."

Mama Nozuko akatupa ugali na maziwa ya mgando, akapiga simu ofisini kama anavyotakiwa. Hatukumlaumu. Gari lilipofika, akamwambia Ovayo amuage dada yake. Mtoto ana adabu huyo! Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ameugusisha kwenye kiwiko, vile tunavyowapa mkono wakubwa tusiowajua, akasema asante kwa kututembelea. Sinazo akaupokea. Hakulia mpaka tulipoingia barabara ya lami.

Ofisini walinihoji peke yangu. Afisa akataka kujua kama tuna mpango wa kutoroka tena. Nikamwambia mimi sijui, lakini Sinazo hana tena pa kutorokea.