Damu ya Ifakara

Mama mkwe alitoka Ifakara akaja kukaa nasi Rexdale, hapa Toronto, miezi mitatu, na wiki ya pili tu akaanza. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huu." Anayasema hayo akipepeta mchele, hata haniangalii. Ugonjwa wenyewe ni selimundu, yaani sikoseli, ya binti yangu Jacqueline, na baridi ya Toronto ndiyo inayoichokoza. Mtoto akisubiri basi la barabara ya Kipling bila soksi nzito, kesho yake miguu inamuuma hadi analia. Hospitali walitupima mimi na mume wangu Urbanus. Kila mmoja wetu ana jeni moja ya ugonjwa, na Jacqueline akazirithi zote mbili. Nilimweleza mama mkwe mpaka mate yakanikauka. Wapi! Kwake vipimo vilikosea, mwenye kosa ni mimi niliyetoka Muheza.

Ningevumilia, jamani, mimi si wa kugombana na mtu mzima. Lakini Jumamosi moja nilimpelekea mtoto uji kitandani, akaniuliza, "Mama, kama nisingezaliwa, wewe na bibi mngepatana?" Nikaweka bakuli chini, nikatoka nimefura, nikamwita mama mkwe aje amsikie mjukuu wake.

Akaja, akasimama mlangoni, nikamrudia swali la mtoto. "Mimi nimesema ukweli tu," akajitetea.

Jacqueline huongea Kiingereza, kwa hiyo nikawa mkalimani. Akamuuliza, "Bibi, Ifakara kuna mbu?"

"Mbu? Wale wanambeba mtu na kitanda chake!"

Basi mtoto akamweleza somo lao la sayansi. Mahali malaria inapoua watoto, mwenye jeni moja ya selimundu haimwui kirahisi. Anaishi, anakua, anazaa, anairithisha. Vizazi vikipita, watu kama yeye wanakuwa wengi mahali pale. Shuleni wanaita mageuko. "Hakuna aliyekosea, bibi," akasema. "Ilibaki kwa sababu iliokoa watoto."

Nilitafsiri neno kwa neno, ingawa ulimi uliniwasha niongeze pilipili yangu.

Mama mkwe akashika kiti. "Nilizaa wanne," akasema. "Malaria ilichukua watatu. Urbanus naye aliugua, homa ileile, nyumba ileile, akapona. Watu wakaniuliza nimempa dawa gani. Sikuwa nimempa kitu." Akaanza kulia. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kusikia habari za watoto hao, hata kwa Urbanus mwenyewe.

Akapanda kitandani, akaiweka miguu ya Jacqueline mapajani, akawa anaikanda taratibu.

"Kumbe labda ni damu hii iliyoniachia baba yako hai," akamwambia. "Nisamehe, mjukuu wangu. Imetoka kwetu."

Hasira zote ziliniishia. Nikaketi upande wa pili, nikashika mguu mmoja.

"Na kwetu pia, mama," nikasema.