Naima Anasoma Akiyumba

Mdomo wangu hauna breki, Kihesa nzima wanajua. Siku niliyoitwa shuleni kuhusu mjukuu wangu Naima, nilijifunga kanga barabara nikaenda kwa shari.

Mama yake anauza chakula kwa wachimba dhahabu kule Makongolosi, hivyo Naima namlea mimi. Mtoto hatulii huyo! Unamtuma chumvi, anarudi na habari za mbuzi wa jirani, chumvi hana. Daktari kule Mbeya alituambia hali hiyo inaitwa ADHD, si utundu, wala hajalogwa. Lakini darasa la nne alisharudia, na angefeli tena mtihani wa taifa, angekaa darasa moja na mdogo wake. "Bibi," aliniambia, "nikirudia tena, mimi na shule basi." Alinong'ona, Naima ambaye hajui kunong'ona. Niliumia mno.

Mwalimu wake mpya, Faustina, aliinuka nilipoingia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeshamchoka mjukuu wangu?"

Hakukasirika. "Anajitikisa, anasimama, dawati linapiga kelele, wenzake hawaandiki. Nikimwambia atulie anatulia, ila hapo haingii kitu kichwani. Nyumbani anasomaje?"

"Nyumbani hasomi! Anasoma madrasa tu. Juzuu Amma yote, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, anayo kichwani, kamuulize ustadhi Alawi."

"Yote?"

"Sasa nikudanganye ili iweje, mwalimu?"

Jumamosi namwona mwalimu huyo, Mlutheri wa watu, kajitanda mtandio, kasimama mlangoni pa madrasa yetu. Makubwa! Ndani watoto wamekaa mkekani wanasoma kwa sauti, wanayumba mbele na nyuma, kama tulivyoyumba sisi na wazazi wetu. Naima yuko katikati yao, anayumba kuliko wote, na hakosei hata herufi. Mwalimu alitazama mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Bibi, kumbe hapa hakuna anayemwambia atulie."

Miaka yote nilimwona akiyumba pale, wala sikuwaza.

Jumatatu dawati la Naima likahamia nyuma, ukutani. Akitaka kusimama, asimame. Akitaka kuyumba, ayumbe. Kazi akawa anapewa kidogo kidogo: akimaliza kipande anatoka kumwagilia maua, anarudi kuendelea. Ulipokaribia mtihani, mwalimu alikwenda mwenyewe kuwaomba wasimamizi wasimkemee akisimama. Mwanangu wa kumzaa asingenifanyia zaidi.

Matokeo yakatoka. Naima kapita! Alama zenyewe za kawaida, lakini kapita, na alikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani akipiga kelele hadi majirani wakadhani kuna msiba.

Shule zilipofunguliwa nikapika vitumbua, nikajitwisha beseni, nikaenda kushukuru. Maneno nilikuwa nimeyapanga, mazuri, ya kumliza mtu. Nafika mlangoni, nasikia darasa la nne jipya linaimba: saba mara saba, saba mara nane. Nikachungulia. Watoto wote wanayumba mbele na nyuma, na mwalimu Faustina pale ubaoni anayumba nao, kafumba macho.

Nikaenda kuketi nyuma, kwenye dawati lililokuwa la Naima. Machozi yakanimwagika, na mwili wangu wa kizee nao ukaanza kuyumba.

Alipofumbua macho akaniona. "Bibi! Kuna nini tena?"

"Asante, mwalimu," nikasema. Mengine yote niliyoyapanga yalikataa kutoka.